Kwa Nini Msaada wa Maafa Hukosa Mlango: Mila, Orodha na Wakati Unguja na Pemba

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Wete, Pemba. Wavuvi wa kaskazini na watu wa boti za watalii walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwafikia manusura. Kulipopambazuka, viwanja vya Maisara mjini viligeuka mahali pa kutambulia maiti. Miili iliyopatikana ilizidi 200, na wengi hawakuonekana tena. Miezi 10 baadaye, Julai 18, 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, zikiwa zimebaki siku chache Ramadhani iandame.

Haja ya familia zilizofika Maisara haimo katika maboksi ya kawaida ya misaada. Hawakuja kutafuta hema wala blanketi. Walitaka kumuona mtu wao, aoshwe, akafiniwe, asaliwe na azikwe mapema. Na waliomkosa walitaka kujua wafanye nini juu ya mtu ambaye hayupo miongoni mwa walio hai, na mwili wake pia haupo.

Naanzia hapo kwa sababu asasi nyingi zinapozungumzia kuheshimu utamaduni wa walioathirika, zinakusudia semina fupi: vaa nguo ndefu, usimpe mwanamke mkono, vua viatu mlangoni, anza na salamu. Yote ni mazuri, na anayeyapuuza hastahili kukaribishwa. Lakini hayo ni adabu ya mgeni tu. Utamaduni unaoamua kama msaada utafika au utapotea njiani umo katika mambo mengine: nani anahesabiwa kuwa kaya, saa ngapi watu wako nyumbani, nani anaweza kutoka na nani hawezi, mali ni ya nani, na mtu apewe vipi bila kuvunjiwa heshima. Hayo ni mambo ya mpango wa kazi, yanaamuliwa mezani kabla gari halijaondoka. Shirika linaweza kuwa na maofisa wenye adabu ya kupigiwa mfano na bado mchele wake usimfikie mwenye njaa.

Mjane aliye ndani

Tuchukue eda. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi 4 na siku 10, na akiwa mjamzito hukaa mpaka ajifungue. Katika muda huo hatoki nyumbani ila kwa haja ya lazima. Sasa fikiria shirika limefika wiki ya pili baada ya maafa na limetangaza kwamba msaada utagawiwa uwanja wa skuli, kila mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho, aweke saini au dole gumba. Sharti la kuja mwenyewe limewekwa kwa nia njema, kuzuia watu kuchukulia majina ya wenzao. Lakini kwa sharti hilohilo, mtu anayehitaji msaada kuliko wote anakuwa wa mwisho. Akienda uwanjani, majirani watamsema. Asipoenda, karatasi itaandika kwamba hakufika, na fungu lake litarejeshwa ghalani.

Dawa ya tatizo hili haina gharama kubwa. Wanawake wawili wa kujitolea wanaofahamika mtaani wapite nyumba kwa nyumba, au familia itaje mtu wa kumpokelea, mbele ya shahidi, na jina lake liandikwe. Ugumu uko mahali pamoja tu: jambo hili lijulikane kabla orodha haijachapwa. Likigunduliwa siku ya kugawa, mgawaji atasema sheria hairuhusu, na atakuwa anasema kweli.

Fundo gumu zaidi ni la mke ambaye mumewe alipanda meli na mwili haukupatikana. Eda yake inaanza lini? Mali ya mumewe igawiwe au isubiriwe? Akitokea mtu kumposa baada ya miaka, aolewe? Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inamwita mtu wa namna hiyo mafkudi, na kuamua kwamba amekufa ni kazi ya Kadhi baada ya kusikiliza ushahidi. Zanzibar ina Mahkama za Kadhi zenye mamlaka ya kisheria juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, kwa hiyo mlango wa kupeleka swali upo. Fomu za mashirika ndizo zisizo na nafasi yake. Zina kisanduku cha aliyeolewa, cha aliyeachwa na cha mjane. Ofisa akimtia kwenye kisanduku cha mjane kabla ya hukumu, anaweza kuwasha ugomvi kati yake na wakwe zake ambao bado wana matumaini. Akikataa kumsajili mpaka alete cheti cha kifo, anamuacha na watoto bila posho mwezi baada ya mwezi. Fomu inayotengenezwa kwa ajili ya visiwa, ambako watu wanasafiri kwa bahari kila siku, inahitaji kisanduku cha mke wa aliyepotea, na shirika linahitaji kumsaidia afike mahkamani, pamoja na nauli.

Kisha kuna fedha za rambirambi. Hapa nimeona watu wema wengi wakikwama. Shirika linatoa kiasi fulani kwa kila familia iliyopoteza mtu, linamkabidhi mke au kaka mkubwa, linapiga picha na kuondoka. Swali linabaki nyuma: hizi fedha ni mirathi au ni zawadi? Kama ni mirathi, zina mgawanyo wake: mke hupata thumuni akiwa marehemu ameacha watoto na robo akiwa hakuacha, wazazi wana sehemu yao, na watoto wanagawana kilichobaki, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kama ni zawadi kwa mke, ni zake peke yake na hakuna wa kumdai. Mtoaji ndiye anayejua alikusudia nini, na mara nyingi hakusema. Baadaye ndugu wa marehemu wanabisha hodi. Barua ya mistari mitatu, inayotaja jina la mpewaji na kusema wazi kwamba fedha hizi ni hiba kwake au ni haki ya warithi wote, ingeondoa ugomvi huo. Zikiwa za warithi wote, ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo kusimamia mirathi ni sehemu ya kazi zake.

Maiti na maradhi

Mila na afya hugongana zaidi kwenye maiti, hasa kipindupindu kinapoingia. Ugonjwa huu si mgeni Unguja wala Pemba. Huja pale maji ya visima yanapochanganyika na uchafu, na masika ndiyo huufungulia njia. Mtu aliyekufa kwa kipindupindu bado anaambukiza, na kuoshwa kwake kunahusu hasa sehemu zilizo hatari. Daktari anaona hatari, familia inaona faradhi. Kila upande una haki, na mzozo huzuka pale mmoja unapoamrisha bila kumsikiliza mwenzake.

Afrika Magharibi ilijifunza haya kwa gharama kubwa. Wakati wa Ebola, watu walificha maiti zao kwa sababu vikosi vya mazishi vilikuwa vinawatia mifukoni na kuwafukia bila sala. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na taasisi za dini za Kikristo na Kiislamu. Kwa Waislamu, mwongozo uliruhusu tayamamu, yaani kutwaharisha kwa udongo safi, badala ya kuosha kwa maji, sanda ikawekwa, na jamaa wakapewa nafasi ya kusali. Fiqhi ilikuwa na ruhusa hiyo tangu zamani kwa maiti asiyeweza kuoshwa. Kilichokosekana ni mtu wa afya kukaa na mtu wa dini kabla ya maafa, wakaandika pamoja nini kinawezekana. Kwetu kazi hiyo inaweza kufanywa mwezi wowote wa kiangazi, pamoja na Ofisi ya Mufti na waoshaji wenyewe, wanaume na wanawake, wale wazee ambao kila mtaa unawajua kwa majina.

Kwa upande wa kinga, visiwa hivi vina mfano wake wa kufundishia. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilitolewa Unguja na Pemba, ikilenga watu wapatao 48,000 waliokuwa katika maeneo ya hatari. Kabla ya hapo watafiti walikaa na watu wa Chumbuni, mjini Unguja, na wa Mwambe, kusini mwa Pemba, wakawauliza ugonjwa huu wanauelewaje, unatokana na nini, na nani wanamwendea kwanza wanapougua. Karibu nusu ya waliolengwa ndio waliokamilisha dozi 2. Kuna watakaoiona idadi hiyo ndogo. Mimi naona jambo la maana ni lile la kuuliza kabla ya kuchanja, tena kuuliza mahali pawili tofauti, kwa sababu mtu wa Chumbuni anayenunua maji ya ndoo na kuishi chumba cha kupanga hana maisha sawa na mkulima wa Mwambe, hata kama wote wanasali kibla kimoja.

Kaya ni nani?

Mashirika yanagawa kwa kaya, na kaya kwao ni baba, mama, watoto, mlango mmoja na chungu kimoja. Hesabu hiyo huvunjika mapema. Mwanaume mwenye wake wawili ana nyumba mbili, pengine moja Chake Chake na moja Micheweni. Akiandikwa yeye kuwa mkuu wa kaya kwa kadi moja, nyumba moja italala njaa au mfuko utakatwa nusu. Mwanamke aliyeachwa amerudi kwao na watoto wanne, lakini orodha inamhesabu ndani ya kaya ya baba yake, na mfuko uleule unaliwa na watu mara mbili. Watoto wa ndugu wanalelewa na bibi wakati mama yao yuko Dar es Salaam au Mombasa. Kwenye karatasi hawapo popote. Njia inayokaribia ukweli ni kuuliza nani wanakula pamoja jioni, na kumuandikisha mwanamke mwenye jiko. Katika ndoa za wake wengi, kadi moja kwa kila jiko, na hapo dini iko upande wa mgawaji, kwani mume ameamrishwa kufanya uadilifu kati ya wake zake.

Nani anaandika orodha? Kwa kawaida ni sheha, kiongozi wa shehia, ngazi ya chini ya utawala Zanzibar. Anawajua watu wake, anajua nani kahama na nani kazaliwa, na hakuna kazi ya shehia inayokwenda bila yeye. Lakini sheha ni mteule wa serikali, na siasa za Zanzibar zimeacha majeraha yasiyofaa kupuuzwa. Januari 2001 watu waliuawa Pemba katika maandamano yaliyofuata uchaguzi wa 2000, na takriban watu 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilikuja baada ya kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na tangu hapo hali imepanda na kushuka. Katika vijiji vilivyopita njia hiyo, orodha iliyoandikwa na mtu mmoja, hata akiwa muadilifu kabisa, itasomwa kwa jicho la chama. Mtu ambaye jina lake limerukwa kwa bahati mbaya hataamini kwamba ni bahati mbaya.

Wapo wanaojibu kwamba basi sheha aachwe pembeni. Nakataa. Kumruka ni kumvunjia heshima, na pia ni kupoteza mtu mwenye taarifa nyingi kuliko wote. Aandike yeye, pamoja na imamu, mwalimu wa skuli au wa madrasa, mwanamke kutoka kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopa fedha, na mtu mwenye ulemavu. Kisha majina yasomwe hadharani na watu wapewe siku mbili za kulalamika kabla ya kugawa. Maskani na baraza za vyama visitumike kuwa vituo vya ugawaji, hata zikiwa na kivuli kizuri na ziko karibu na barabara. Kanuni za maadili za harakati za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali, zilizoandikwa mwaka 1994, zinasema msaada usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini, na kifungu cha 5 kinataka mila na desturi ziheshimiwe. Vifungu hivyo viwili vinaonekana kuvutana pale ambapo desturi ya mahali ni kupita kwa kiongozi wa serikali. Namna ya kuvipatanisha ndiyo hiyo: kiongozi abaki, na macho yaongezwe.

Saa nne asubuhi wakati wa bamvua

Mikutano ya mashirika hupenda saa nne asubuhi. Gari limetoka mjini saa mbili, limefika, na watarudi kabla ya jioni. Katika vijiji vya mwambao wenye mwani, iwe Paje na Jambiani au vijiji vya pwani ya Pemba, wakati wa bamvua maji hutoka mbali kabisa kiasi cha saa hiyohiyo. Siku hizo, zinazokuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, wanawake wako baharini wakifunga na kuvuna mwani, wengine wakiokota chaza na kombe. Mkutano utahudhuriwa na wazee wa kiume na vijana wasio na kazi. Taarifa itaandika kwamba jamii imeshirikishwa. Kwenye maji mafu, ambapo bahari haitoki mbali, wiki inayofuata, wanawake wangekuwa nyumbani.

Ijumaa adhuhuri kila mtu anaijua. Inayosahaulika ni Ramadhani, ambapo kugawa chakula saa saba mchana juani ni kumtesa aliyefunga, na kugawa saa kumi ni kumpa mwanamke muda wa kupika futari. Na karafuu: msimu ukishika, Pemba nzima inahamia mashambani, na kijiji unachokikuta barabarani kina watoto na wagonjwa tu. Kalenda ya kazi ya dharura Unguja na Pemba ingepaswa kuwa na safu nne kando ya tarehe: mwezi mwandamo, maji, upepo wa kaskazi au kusi, na msimu wa zao. Mzee yeyote wa pwani anaweza kuijaza kwa nusu saa.

Vitu vyenyewe navipitia kwa haraka, kwa kuwa makosa yake ni rahisi kusahihisha. Mchele unapikwa, unga wa mahindi unaliwa kwa shingo upande katika nyumba nyingi za Pemba. Kama fedha ni chache, heri mchele mchache pamoja na fedha taslimu ya samaki na nazi. Nyama ya kopo isiyo na alama ya halali itatupwa. Kanga zigawiwe doti kamili, na maneno yake yasomwe kwanza, maana hakuna mwanamke atakayejitanda fumbo la kumsuta jirani kwenye kambi ya waathirika. Vyoo vya dharura visielekee kibla wala kukipa mgongo, viwe na maji ya kutosha kwa kujisafisha, na vya wanawake vikae mbali na vya wanaume, penye mwanga usiku. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, viitwavyo Sphere, vinataja lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Watu wanaotia udhu mara tano wahesabiwe hilo juu ya kunywa na kupika.

Mila ya nani?

Sasa jambo ambalo watu wa mashirika wanaliogopa, na ambalo sisi wenyeji tunapaswa kulisema wenyewe. Mara nyingi anayesimama na kusema mila yetu haikubali ni mwenye nguvu. Anasema wanawake hawakai kwenye kamati, na kumbe mtaani kwake vikundi vya hisa vya wanawake vinakusanya na kukopesha fedha kila wiki kwa uaminifu ambao kamati nyingi za wanaume hazijaufikia. Anasema mwenye ulemavu atachukuliwa na familia yake, na familia hiyo inamficha chumba cha nyuma. Anasema wapangaji waliotoka bara si watu wa hapa, waende kwao. Mvua ikijaza mabonde ya Mwanakwerekwe haichagui mwenye kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na asiyekuwa nacho. Nyumba za bondeni, ambako kodi ni nafuu, mara nyingi zina wapangaji hao, na miongoni mwao wamo Wakristo ambao wakifiwa wanataka kumsafirisha mtu wao kwao bara akazikwe na wazazi wake. Gharama ya jeneza na boti ni haja ya kitamaduni kama sanda na kafuri zilivyo kwa jirani yao.

Kwa hiyo kumheshimu mwenyeji hakumaanishi kumuamini mwenyeji mmoja. Kunamaanisha kuuliza swali moja kwa watu wanne: mzee wa msikiti, mwanamke wa mwani, kijana wa bodaboda na mtu ambaye hakualikwa mkutanoni. Majibu yakifanana, hiyo ni mila. Yakitofautiana, umeshajua ni nani atakayeachwa nyuma. Na katika mambo ambayo mila inamuumiza mtu, mtetezi mzuri hupatikana ndani ya jamii yenyewe. Ukadhi na elimu ya dini vimewapa wanawake wa visiwa hivi haki ya kumiliki, kurithi na kudai, na bibi mwenye elimu ya chuoni akisimama kusema kwamba fungu la mjane lisiguswe na shemeji, watu watamsikiliza kuliko ofisa yeyote mwenye fulana ya mradi.

Hili linahusu pia majeraha ya moyoni. Baada ya ajali za meli, watu waliogopa bahari, wengine hawakulala. Kwetu huzuni ina mahali pake: matanga, khitma, dua ya pamoja, kusomewa mgonjwa. Mshauri nasaha anayefungua ofisi na kungoja wateja atangoja sana. Akiwa mwanamke, akakaa mkekani na wanawake wa matanga, akasaidia kupakua chakula, atasikia yote. Kuna atakayemwambia kwamba mtoto wake anapandisha mashetani kila akilala. Asibishane naye. Aulize nani anamsomea, azungumze na maalimu huyo, na wakubaliane dalili zipi zikionekana mtoto apelekwe pia kwa daktari, kama ni mjini basi hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Walimu wengi wanaosomea wagonjwa hawana pingamizi na hospitali. Kinachowaudhi ni kudharauliwa.

Picha

Suratul Baqara, aya ya 271, inasema mkidhihirisha sadaka ni vyema, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Aya ya 273 inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao kuomba. Ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya mtu anayekosa msaada Unguja na Pemba. Hajapanga foleni. Hajainua mkono mkutanoni. Anasema alhamdulillahi, tupo.

Mbele ya mtu huyo tunaweka bango lenye nembo, kipaza sauti na mpiga picha, na tunamtaka ashike mfuko wa mchele huku akitabasamu. Wapo wanaochagua njaa. Wafadhili wanahitaji ushahidi, hilo ni haki yao, na shirika lisilotoa hesabu halifai kuaminiwa. Lakini orodha iliyosainiwa, picha ya mali ghalani, picha ya mikono bila nyuso, na mkaguzi anayepiga simu kwa kaya chache alizozichagua mwenyewe vinatosha. Kifungu cha 10 cha kanuni zile za 1994 kinataka waathirika waonyeshwe kama watu wenye heshima yao. Maiti ndiyo kabisa: sitara ya maiti ni wajibu wa aliye hai, na picha zake zinazosambazwa kwenye simu zinaumiza familia kwa miaka.

Kurejea kunachukua muda wake

Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyobeba zao hilo. Mkarafuu unataka miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo athari ya siku moja ile ilihesabiwa kwa kizazi. Leo maafa mengi yetu ni madogo kuliko yale, na wakati mwingine yanapita pembeni, kama Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilivyodhoofika kilipofika pwani ya Tanzania. Hata hivyo urejeshaji una mwendo wake, na mradi wa dharura una mwendo mwingine.

Nyumba kwanza. Shirika la kujenga linauliza hati. Nyumba nyingi za mashamba zimejengwa kwenye ardhi ya ukoo, kwenye kiambo ambacho hakuna mmoja anayeweza kukiuza, au kwenye eka tatu walizopewa wazee baada ya Mapinduzi ya 1964. Minazi iliyo uani inaweza kuwa ya mjomba, mikarafuu ya shangazi. Kumjengea mtu nyumba ya matofali ya kudumu mahali ambapo banda la udongo lilikuwa likivumiliwa na ukoo ni kubadilisha haki za ardhi bila kujua. Wakubwa wa ukoo waitwe, makubaliano yaandikwe, sheha ashuhudie, halafu msingi uchimbwe. Kama ndugu wanakataa nyumba ya kudumu, mabati, mbao na fundi wa kuimarisha ile iliyopo vitaleta amani zaidi.

Kisha riziki. Baada ya dhoruba mtu wa kwanza kukumbukwa ni mvuvi, kwa sababu mashua iliyovunjika inaonekana. Anapewa injini na nyavu. Mke wake aliyepoteza kamba, vigingi na mbegu za mwani hana kitu cha kupigiwa picha, ingawa mwani unategemewa na maelfu ya wanawake wa visiwa hivi, na sehemu kubwa ya mavuno yake hutoka Pemba. Kamba na mbegu ni rahisi kuliko injini, na mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi. Ni msaada unaorudisha fedha mkononi haraka kuliko mwingine wowote pwani, na umo mikononi mwa mtu anayelisha watoto.

Mwisho ni mkataba wenyewe. Chukulia mafuriko ya masika yametokea katikati ya Mei na mfadhili ametoa fedha za miezi 3. Katikati ya Agosti ofisi inafungwa, magari yanarudi, taarifa ya mwisho inatumwa. Mjane wa siku ile bado ana mwezi mmoja na siku kadhaa za eda. Kesi ya mirathi haijasikilizwa. Karafuu hazijakauka. Kaka mkubwa hajabisha hodi kuuliza fedha za rambirambi. Wanaoandika mikataba hii, iwe Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, asasi za hapa au wafadhili wao wa nje, waongeze mistari miwili: ziara ya pili ya nyumba kwa nyumba baada ya eda kwisha, ikifanywa na wanawake walewale waliopita mwanzo, na fedha kidogo zilizotengwa kwa kile watakachokikuta. Masika ijayo inaanza Machi. Orodha ya wanawake hao inaweza kuandikwa sasa, shehia kwa shehia.